Geti la Hodi Tatu

Geti la nyumba ya Nabhan lilikuwa na adabu kuliko watoto wengi wa mjini Tabora. Ukifika huligongi, wala hulipigii honi. Unashika simu, unafungua programu yake, unabonyeza kitufe kilichoandikwa Hodi, na simu ya mwenye nyumba, popote alipo, inalia. Akibonyeza Karibu, chuma kile kizito kinajisukuma pembeni chenyewe bila kelele. Asipojibu, unabisha tena. Hodi ya tatu ikipita bila jibu, geti linakuandikia kwa heshima kwamba wenyewe hawapo, urudi baadaye, na kwa saa nzima halikusikilizi tena hata ukilia machozi ya damu.

Aliyelilea geti hilo ni Zuena, mke wa Nabhan. Programu aliiandika yeye, mstari kwa mstari, katika chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama ukuta. Alipokuwa mdogo kule mtaa wa Isevya, baba yake, Mzee Mfaume, fundi wa reli aliyestaafu akiwa bado ananuka grisi, alimfunza kwamba muungwana hubisha mara tatu. Hodi ya nne ni ya polisi. Zuena akaitia sheria hiyo kwenye msimbo wake, tena kwa majivuno, maana mageti ya watu wengine yana kengele tu, lake lina malezi. Hakufikiria kwamba siku moja atasimama upande wa ndani, amevaa buibui, simu mkononi, na geti linamwambia yeye arudi baadaye.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Baba yake alikuwa amefariki alfajiri.

Jinsi mtu anavyofika mahali pa kuomba ruhusa ya kutoka katika nyumba aliyoolewa ni hadithi inayokwenda polepole. Nabhan hakuwa mtu wa kutazamwa vibaya. Alikuwa na duka la saruji na mabati karibu na soko, na ukoo wake umefanya biashara Tabora tangu misafara ilipokuwa ikipumzika hapo kabla ya kushika njia ya Ujiji. Aliwaamkia wakubwa, alitoa sadaka, na mkono wake haukupata kumgusa mkewe. Watu wa namna hiyo ni wagumu kuwasemea, maana huna alama ya kumwonyesha mtu. Alichokuwa nacho Nabhan ni maswali. Unakwenda wapi, na nani, utarudi saa ngapi, kwa nini leo. Ukishamjibu yote umechoka, na safari yenyewe huitamani tena.

Zuena alisomea kompyuta Dar es Salaam, na kazi yake ilikuwa kuunganisha simu na vifaa. Alitumia laibrari, yaani furushi la msimbo lililoandikwa na wengine, ambalo mwandishi analipachika kwenye programu yake ili simu ijue kutuma na kupokea jumbe fupi. Jumbe zenyewe nyepesi, hazimalizi bando, zinapenya hata mtandao ukiwa dhaifu. Wala simu na geti havizungumzi ana kwa ana. Katikati yupo mtumishi mmoja, kwenye kompyuta ya kukodi, anayepokea kila ujumbe na kumfikishia aliyeuomba. Zuena alimwita Dalali. Tabora ni mji wa madalali tangu zamani, na tabia za huyu hazikutofautiana sana na za wale wa pembe na chumvi: anamjua kila mteja kwa jina alilojitambulisha nalo, na mteja akiwa safarini, anamwekea jumbe zake kwenye kikapu mpaka arudi kuzichukua.

Kwa laibrari hiyo hiyo alikuwa amewatengenezea akina mama wa Bukene kifaa cha kupima maji kwenye tangi lao. Kila asubuhi aliyaona maji ya Bukene yakipanda na kushuka kwenye simu yake. Walimwalika aje waonane, wamchinjie kuku. Nabhan alisema mwezi ujao, na mwezi ujao akasema mwezi ujao. Basi Zuena akawa analijua tangi la kijiji ambacho hajakikanyaga, analijua mpaka saa linapokauka, na kuku wao akawa mzee.

Mwanzoni programu ya geti ilikuwa na taa ndogo ya kijani iliyoonyesha kama mwenye simu yupo hewani au hayupo. Nabhan hakuipenda. "Mwanamume hawekewi taa," alisema, na Zuena akaiondoa upande wake. Ya Zuena ikabaki.

Kisha likaja jambo la Idi. Walikuwa Isevya kwa Mzee Mfaume, sinia la pilau bado liko kati, Nabhan akasimama na kumwambia mkewe wakati umefika, twende. Zuena akaacha tonge mkononi. Mzee Mfaume akamtazama mkwewe, akacheka kidogo, akasema mbele ya ndugu na majirani, "Baba, mimi nilikuoza mwanangu. Sikukukabidhi mahabusu." Watu wakacheka. Nabhan naye akacheka, tena sana, na Zuena alipomwona anacheka vile akalirudisha tonge siniani.

Walipofika nyumbani Nabhan alichukua Msahafu kutoka kabatini, akauweka mapajani mwa mkewe. Akamtaka aape kwamba hatavuka geti lile isipokuwa simu ya mumewe imemruhusu. Zuena akaapa. Aliapa kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sababu alitaka yaishe walale. Kesho yake Nabhan akamwomba, kwa upole kabisa, abadilishe programu ili kutoka nako kuwe kwa hodi, na jibu lake liwe Ruhusa. Kazi ile ilimchukua mchana mmoja. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema wahenga, ila hawakusema kuna wanaokichimba kwa laibrari, na kukipiga plasta, na kumkabidhi mtu kamba.

Basi Jumamosi hiyo Nabhan aliondoka mara baada ya sala ya alfajiri. Alisema anakwenda Nzega kumwona mteja, na kwamba huko njiani mtandao unakatikakatika, wasihangaike wakimkosa. Gari lilikuwa limeshapotea kona Fikiri alipopiga simu. Fikiri ni kaka yake Zuena, mtu wa maneno machache, na siku hiyo yalipungua zaidi.

"Dada, mzee ametutoka. Tunamwosha sasa. Jeneza linatoka nyumbani kabla ya adhana ya adhuhuri, wanamsalia msikitini, wanaenda. Njoo umwone."

"Nakuja," Zuena alisema. "Kaka, nakuja. Msimfunike."

Akavaa buibui juu ya khanga ya kulalia, akakimbilia uani, akabonyeza Hodi. Akabonyeza tena. Akabonyeza tena. Akili haikuwepo. Aliyetumia hodi zake zote tatu kwa pumzi moja ni yeye mwenyewe aliyeitunga sheria. Kioo cha simu kikamwandikia: Wenyewe hawapo kwa sasa, tafadhali rudi baadaye. Akakaa chini pale pale kwenye kokoto, akalia kwa sauti, na geti likakaa kimya kama lilivyofunzwa.

Bi Nawal, mama yake Nabhan, alitoka barazani na tasbihi mkononi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, ambaye Zuena alimwogopa kuliko mumewe. Nabhan alikuwa mtu wa kuuliza, lakini Bi Nawal alikuwa mtu wa kutazama tu.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Baba amefariki, Mama."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Bi Nawal akashika nguzo. "Mumeo anajua?"

"Hajibu."

Wakampigia simu ya kawaida. Ikaita mpaka ikakata. Wakapiga tena kwa simu ya Bi Nawal mwenyewe, ikaita vile vile. "Anaendesha gari," Bi Nawal alisema. "Nabhan hapokei simu akiwa barabarani. Subiri mwanangu. Akisimama tu ataona."

Zuena akasubiri. Kumsubiri mtu ni kazi. Kumsubiri mtu huku maiti ya baba yako inaoshwa mitaa michache kutoka ulipo ni adhabu. Alijua sasa hivi wanamwagia maji ya kafuri. Sasa shangazi Mwanamkuu anatafuta udi. Sasa wanachana sanda, ile sauti ya kitambaa kinapochanwa. Alimpigia Fikiri amwambie wamngojee, simu haikupokelewa, maana mwenye kuosha maiti hashiki simu. Alizunguka ua ule kwa ndani, akipapasa ukuta kwa kiganja, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, mpaka akarudi kwenye geti. Msikiti wa jirani ukafungua spika. Mtangazaji akakohoa, akalitaja jina la Mfaume, fundi wa reli wa Isevya, akaomba Waislamu wahudhurie. Zuena aliliona jina la baba yake likipita juu ya ukuta ule kwa urahisi, likaenda zake.

Saa ilipotimia geti likakubali tena kusikiliza. Safari hii alibisha kwa akili. Hodi ya kwanza akaandika na maneno: Baba amefariki. Akangoja. Ya pili: Nabhan nakuomba, wanamtoa adhuhuri. Akangoja zaidi, akasoma Yasini kwa moyo, akakosea, akaanza upya. Ya tatu aliiandika kwa maneno ambayo mke hamwandikii mume, labda akiwa magotini, na kweli alikuwa magotini. Kila moja ilipotoka, chini yake pakatokea neno Imefika. Lakini yeye ndiye aliyeliweka neno lile na alijua maana yake. Imefika kwa Dalali. Haikusema imefika kwa Nabhan.

Jibu halikuja. Wenyewe hawapo kwa sasa.

"Mama," alimwambia Bi Nawal, sauti imekauka, "nataka kujua kama bado yuko njiani, simu inaita ila intaneti haishiki. Nikijua, nitakaa nitulie."

"Utajuaje?"

"Dalali anamwekea jumbe zake kwenye kikapu. Nikienda kwa Dalali nikajitambulisha kwa jina la simu ya Nabhan, atanimwagia kikapu chote. Nikizikuta hodi zangu mle, basi Nabhan hajazipata, yuko porini."

Hiyo ndiyo ilikuwa nia yake, na msimulizi hana sababu ya kumsingizia nyingine. Jina la simu ya mumewe analijua, amelitunga yeye. Nenosiri analijua, Nabhan hakupata kulibadilisha kwa sababu hajui pa kulibadilishia. Angeweza kulifungua geti lile wakati wowote tangu Idi. Kilichomfunga ni mapaja yake yaliyobeba Msahafu na ulimi wake ulioapa, na Zuena alikuwa mtu wa kumwogopa Mungu.

Akaleta kompyuta barazani, akakaa mkekani karibu na miguu ya mama mkwe. Kwenye msimbo kuna mstari mmoja ambapo simu inajitaja. Akafuta Zuena, akaandika Nabhan. Vidole vikawa vizito, kana kwamba ameandika tusi. Akaiwasha programu.

Dalali akamkaribisha. Hakuuliza sura wala sauti. Zuena akangoja kikapu kimwagwe.

Hakikumwagwa kitu. Kilikuwa kitupu.

Akadhani amekosea. Akafungua kumbukumbu za Dalali, akaangalia polepole, kidole kwenye kioo. Hodi ya kwanza ya asubuhi, imechukuliwa na simu ya Nabhan. Ya pili, imechukuliwa. Ya tatu. Kisha zile nyingine, zenye maneno, zote zimechukuliwa pale pale zilipotumwa. Hakuna hata moja iliyolala kikapuni.

Kabla hajapumua, programu ikakatika. Dalali hakubali wateja wawili wa jina moja. Wa pili akija, wa kwanza anainuliwa kitini. Zuena alipoingia alikuwa amemwinua mtu bila kujua, na mtu huyo sasa amerudi, amemwinua yeye. Programu ikaingia tena yenyewe, ikainuliwa tena. Ikaingia, ikainuliwa. Mahali fulani, katika mfuko fulani, simu ya Nabhan ilikuwa hai, ina mtandao wa kutosha, inagombea jina lake.

"Mbona umekuwa hivyo?" Bi Nawal aliuliza. "Kikapu kina nini?"

"Hakina kitu, Mama."

"Maana yake?"

Zuena hakutaka kumwambia mzazi habari ya mwanawe. Lakini Bi Nawal alikuwa ameinama, anakitazama kioo kile cha kuingia na kutoka, ingia na toka, akakisoma kwa namna yake.

"Kwa hiyo yupo," alisema.

"Yupo."

"Na hodi zako anazo."

"Zote, Mama. Tangu ya kwanza."

Bi Nawal akaiweka tasbihi kwenye mapaja. Zuena akajua sasa atasikia mume ni mume, subira ni ibada, maneno ambayo huwa hayakosi mtu wa kuyasema. Jua lilikuwa linakaribia utosini. Hasira ilimpanda Zuena mpaka macho yakaona giza, hasira ya mtu aliyefungiwa na kumpigia magoti aliyemfungia. Alitaka kuirusha kompyuta ukutani. Alitaka kupiga kelele zifike Isevya.

"Mama yangu mimi alizikwa Kaliua," Bi Nawal alisema mwishowe. "Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Baba yake Nabhan alikuwa na funguo tu, simu hazikuwepo. Alisema garimoshi lina watu wengi, mwanamke atasukumwa. Nikasema haya." Akaigeuza tasbihi mapajani. "Nabhan alikuwa na miaka saba. Alikuwa amesimama mlangoni anatusikiliza."

"Mama, nimeapa."

"Najua umeapa. Nilikusikia. Kiapo cha kumzuia mtoto asimwone mzazi wake hakina kheri ndani yake, na kina kafara. Ni kulisha maskini kumi. Nitawalisha mimi, kwa mikono yangu, kesho, hapa barazani, na Nabhan atapita kati yao akienda dukani." Akanyoosha kidole kwenye kompyuta. "Fungua."

Kusema fungua ni rahisi. Kila Zuena alipotaka kubonyeza Ruhusa, simu ya Nabhan ilikuwa imeshamwinua. Kidole cha binadamu ni kizito mbele ya mashine mbili zinazogombania kiti. Akabonyeza, akakosa. Akabonyeza, akakosa. Kwa mbali akasikia mtu anajaribu spika ya msikiti. Akafuta machozi kwa ukaya wake wa kichwani, akarudi kwenye msimbo, mahali laibrari inapouliza: ukikaribishwa tu, nifanye nini kwanza? Siku zote alipajibu kwa kuiambia isubiri. Sasa akaandika isisubiri mtu. Ikikaribishwa tu, kabla ya salamu, iseme Ruhusa.

Akaiwasha. Programu ikaingia, ikasema, ikainuliwa, na neno likawa limeshatoka.

Geti likajisukuma pembeni.

Zuena alisahau viatu. Bi Nawal alimtupia kandambili zake mwenyewe, zikaanguka kokotoni, akazivaa akikimbia. Moja ilikuwa inapwaya. Barabarani kijana wa bodaboda alimwona buibui limepanda mapajani na uso umelowa, akapunguza mwendo. "Msiba, dada? Panda. Wapi?" Akasema Isevya, kwa Mfaume wa reli. Kijana akasema hata yeye katangaziwa, akakanyaga gia, na hakuuliza habari ya nauli.

Isevya turubai lilikuwa limefungwa barabarani, na wanaume wamesimama wote. Jeneza lilikuwa begani tayari, limefunikwa kitambaa cha kijani, wanne chini yake, na wengine wanasogea kupokezana. Zuena aliruka kabla pikipiki haijasimama sawasawa. Alimwona Fikiri kwanza, mbele kushoto. Kisha akamwona aliye mbele kulia.

Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi na kofia yake ilikuwa mpya. Nabhan alikuwa amelibeba jeneza la mkwewe kwa bega la kulia kama mwana wa kuzaa, na katika mkono wa kushoto alikuwa ameshika simu, anaitazama, kwa sababu ilikuwa imemtikisikia muda mfupi uliopita na kumwambia geti lake liko wazi.

"Mteremsheni," Zuena alisema.

Hakupiga kelele. Lakini watu walimpisha, na shangazi Mwanamkuu akatoka mlangoni kwa wanawake, mikono kichwani. "Mwanangu! Mumeo alisikia msiba msikitini alfajiri, yuko hapa tangu asubuhi, akatuambia umezimia, daktari kakukataza kuinuka! Tumekuombea dua!"

Fikiri alimtazama dada yake kuanzia miguuni, kwenye kandambili zisizo zake, mpaka usoni. Akawaashiria wenzake. Jeneza likashushwa. Sheikh akatazama jua, akatikisa kichwa kukubali, akasema kwa sauti ya chini, "Fanyeni upesi."

Fikiri mwenyewe ndiye aliyemfunua. Uso wa Mzee Mfaume ulikuwa mdogo kuliko Zuena alivyoukumbuka, umefungwa kidevu, umewekwa pamba na unanuka kafuri. Hakuonekana amelala, kama watu wanavyopenda kusema. Alionekana amekwenda. Zuena alipiga magoti na kuyazuia machozi yasimwangukie, kama alivyofunzwa, ikamchukua nguvu zote alizobakiwa nazo. "Baba, niwie radhi," alimwambia. "Nilikuwa karibu tu." Akamgusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja. Lilikuwa la baridi. Basi, alikuwa amemwona. Chozi moja likamshinda, akalipokea kwa ukaya, na Fikiri akaurudisha uso ndani ya sanda.

Wabebaji wakainama kushika tena. Nabhan akasogea mahali pake pa mbele.

"Wewe hapana," Zuena alisema.

Nabhan alitabasamu, tabasamu lile la Idi. "Zuena, watu wanatazama. Pole kwa msiba. Tutazungumza nyumbani."

"Usimbebe baba yangu." Akamgeukia Fikiri, na sasa sauti yake ilisikika mpaka kwenye mikeka ya wanawake. "Kaka, leo nimemwomba huyu ruhusa ya kuja hapa tangu uliponipigia. Nimemwandikia baba amefariki. Nimemwandikia nakupigia magoti. Kila neno limemfika. Alikuwa amesimama hapa na nyinyi, anapewa pole, na mimi ninabisha mfukoni mwake."

Nabhan akafungua mdomo aseme jambo la mtandao, na simu ikamtikisikia mkononi mbele ya macho ya wote, maana kompyuta kule barazani ilikuwa bado inasema Ruhusa. Akaifumbata. Lakini kila mtu alikuwa ameiona, na mmoja mmoja macho yakahama kutoka kwenye simu yakaja usoni kwake.

"Shemeji," Fikiri alisema, "toa bega."

Mzee Ngassa, aliyefanya kazi ya reli na marehemu, akakunja mikono ya shati, akaja akasimama mahali pale. Shahada ikaanza, jeneza likainuka, na wanaume wote wa turubai wakaondoka nalo kuelekea msikitini, wakimpita Nabhan kulia na kushoto. Shangazi Mwanamkuu akamshika Zuena kiuno, akamwingiza ndani kwa wenye msiba. Nabhan akabaki katikati ya viti vitupu, kanzu nyeupe, simu mkononi, anatazama njia na kutazama mlango. Hakuna aliyemwambia kaa, wala aliyemwambia nenda.